Sufuria Iliyokwenda Baharini

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Ukunda alinirudishia bakuli. Nilikuwa nimempelekea maharagwe ya nazi siku mtoto wake alipokuwa na homa, naye, Mungu amjaalie, akaliosha bakuli likang'aa, akabisha hodi, akanipa kwa tabasamu na asante nyingi. Nikalipokea. Nikatazama ndani. Kisha nikajicheka mwenyewe: mwanamke mzima, na cherehani yangu na wateja wangu wa mapazia, nimesimama mlangoni nachungulia bakuli tupu kama mtoto aliyeahidiwa zawadi.

Usinielewe vibaya, rafiki yangu. Yule binti ana adabu zake, na kwao huenda bakuli safi ndiyo shukrani yenyewe. Lakini mimi nililelewa na bibi yangu Kibuyuni, na kwa bibi yangu chombo cha mtu hakikurudishwa kitupu. Uwe huna kitu, utatia ndimu. Huna ndimu, utatia chumvi kidogo kwenye karatasi. Kumrudishia mtu sahani tupu ilikuwa sawa na kumwitikia salamu huku umenuna. Nilipigwa kofi moja tu na bibi maisha yangu yote, na lilikuwa la sahani ya mtu niliyoirudisha imeoshwa vizuri na haina kitu.

Basi bakuli lile likanirudisha nyumbani. Siku hiyo sikushona la maana. Nilikaa mbele ya cherehani nikawa nanusa mwani.

Kama hujawahi kukaa mahali wanapoanika mwani, sijui nikuelezeje harufu yake. Ni chumvi, ni jua, ni kamba iliyokaa majini muda mrefu, na juu ya yote hayo moshi wa makumbi ya nazi kutoka majikoni. Wageni walikuwa wakiziba pua. Sisi tulikuwa hatuisikii, mpaka tuondoke kijijini tukarudi, ndipo ikatupokea pale njiani kabla ya mtu yeyote kutupokea. Mama yangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, akija sikukuu na sikukuu, na kila alipokuja alisimama kwanza nje ya nyumba akavuta pumzi, kisha ndipo akatoa salamu.

Asubuhi za pale zilianza kwa sauti za wanawake wakiitana kupitia madirishani. "Maji yatoka! Maji yatoka!" Maana yake bahari inaanza kupwa, tuteremke. Bibi alikuwa amekwisha kusali, amekwisha kunywa chai yake ya mchaichai na muhogo uliolala, na kanga moja ameifunga kiunoni, ya pili kichwani. Alikuwa mfupi, mweusi, na mikono yake ilikuwa migumu kwa kufunga vishada vya mwani kwenye kamba. Tena alikuwa mkali. Nakuambia mapema usije ukamdhania ni bibi wa kusimulia hadithi na kupakata watoto. Alikuwa akipenda kwa kufoka.

Mali yake ilikuwa sufuria. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa naingia mzima, nikajifunika na mfuniko, wenzangu wakanitafuta kijiji chote. Bibi alipewa na mama yake alipoolewa, na tangu hapo hakukuwa na harusi, matanga wala maulidi yaliyopikwa kwa chombo kingine pale kijijini. Watu hawakusema "sufuria ya bibi fulani." Walisema "sufuria" tu, na kila mtu alielewa ni ipi. Ilikwenda mlango hadi mlango, na ilirudi na kitu ndani, siku zote. Mara nyingi ilirudi na ukoko wa pilau ulioachwa kwa makusudi kwa ajili yangu, ule wa chini wenye mafuta na binzari, na nilikuwa nikiutafuna siku mbili. Siku moja ilirudi na kuku, mzima, kafungwa miguu, katulia humo ndani kama abiria.

Sasa nikueleze habari ya boti, maana ndiko sufuria ilikokwenda.

Mashamba ya mwani ya karibu yalikuwa ya kwenda kwa miguu, maji yakipwa. Lakini mwani wa pale ulikuwa dhaifu, jua kali likiingia maji yanapata moto, na mwani unageuka mweupe na kuvunjika vunjika mkononi. Mwani mzuri ulikuwa ng'ambo ya mkondo, kwenye maji ya baridi. Huko hakuendeki kwa miguu, na mwani mbichi ni mzito, nawe ukiubeba kichwani maji yake ya chumvi yanateremka shingoni mpaka ngozi inachubuka. Bibi ndiye aliyewashawishi wenzake. Walitoa akiba yao, wakanunua boti kuukuu na mashine ndogo ya kutundika nyuma, nayo kuukuu. Na kwa kuwa baba yake alimlea baharini kama mtoto wa kiume, mkono wa mashine akaushika yeye. Wanaume pwani wakacheka mpaka wakachoka. "Boti ya kina mama yaja, ondokeni njiani!" Bibi aliwaitikia kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Nami nilikuwa baharia. Kazi yangu likizo za shule ilikuwa kufua maji kwa kopo, kwa sababu boti ile ilivuja kila ilipojisikia.

Mashine ndogo ya aina ile, rafadha yake, ile feni inayozunguka majini ikaisukuma boti, hushikiliwa na pini moja ndogo. Ikigonga jiwe, pini hukatika, rafadha inasimama, wewe unatia pini nyingine unaendelea na safari yako. Pini zetu zilikatika mno. Mchanga ukipanda, pini. Kamba ya shamba la mtu ikinasa, pini. Na kila ikikatika tulikaa katikati ya maji tukiyumba huku bibi anainama nyuma, akitukana kwa sauti ya chini. Siku moja akachoka. Alitoka nyumbani na msumari, ule wa chuma kigumu unaogongwa kwenye kuta za mawe, akaukata kwa kipimo, akautia mahali pa pini.

Haukukatika. Tulipita juu ya mchanga, haukukatika. Tulinasa kamba, kamba ndiyo iliyokatika. Bibi akaanza kutamba kijijini. "Msumari wangu huo! Wa nani mwingine haukatiki?" Alipokuwa akisema hivyo aliinua kidevu, nami niliamini kwamba hakuna mwanamke mwenye akili kama yeye kuanzia Vanga mpaka Diani.

Ajali yenyewe ilikuja siku nzuri. Bahari ilikuwa shwari kabisa, tumetoka ng'ambo na mwani umejaa mpaka kingoni, wanawake wanaimba, na maji yamekwisha kupwa kuliko tulivyodhani. Bibi alikata kona juu ya miamba badala ya kuzunguka, kama alivyozoea. Nilisikia kishindo chini ya makalio yangu. Mashine ikapiga yowe, kwa sababu haikuwa na maji ya kusukuma tena, kisha bibi akaizima. Alipoiinua mashine tukaona: msumari ulikuwa pale pale, mzima, unang'aa. Mabawa mawili ya rafadha kati ya matatu hayakuwapo.

Hakuna aliyeumia. Tulisukuma boti kwa pondo mpaka ufuoni, taratibu, na hakuna aliyeimba.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mmoja wa wenye boti. Yeye na bibi walikuwa wamegombana na kupatana tangu wakiwa wasichana, na kwa kweli sijui kama walipata kupendana au walizoeana tu. Mchana ule, kwenye vichanja vya kuanikia, yeye ndiye aliyesema yaliyokuwa ndani ya vifua vya wote. Dukani Mombasa walikuwa wameulizwa kwa simu, wakasema rafadha ya mashine kuukuu kama ile hawana, iagizwe, na kuagiza ni miezi. Kaskazi ilikuwa imeingia, jua lilikuwa kali. Mwani wa ng'ambo ulikuwa umekomaa, na usipovunwa bamvua lijalo, maji yanapokupwa sana, ungelala na kuoza, na jasho la msimu mzima lingekwenda na maji.

"Tuiuze hino mashine, kila mtu apate chake," jirani akasema. "Turudi kwenye mashamba ya miguu. Mwenzangu, tulikufuata, tumefika. Basi."

"Nipeni mpaka bamvua," bibi akasema.

"Na bamvua likifika?"

"Likifika hamna boti, uzeni, nami sitashika mkono wa mashine tena, hata ya mwengine."

Wakakubali. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona kisigino chake kinachimba mchanga. Uso wake haukuonyesha kitu, lakini kile kisigino kiliendelea kuchimba mpaka wote walipoondoka, na nikajua kwamba bibi yangu anaogopa. Sikuwa nimewahi kuliona hilo, na lilinitia huzuni kuliko rafadha yenyewe.

Msambweni, nyuma ya barabara kuu, kulikuwa na fundi Mduruma aliyesubu vyuma: alikuwa akiyeyusha makopo na vyombo vibovu na kuvimimina kwenye kalibu ya mchanga, akatoa miguu ya majiko, miiko, vitasa. Bibi alikwenda peke yake na rafadha iliyovunjika ndani ya kikapu. Alirudi adhuhuri, akaketi kizingitini, akanieleza kama anayejieleza mwenyewe. Fundi anaweza. Lakini anataka vitu viwili. Kwanza, rafadha nzima ya aina ile ile, aikandamize kwenye mchanga apate umbo. Pili, madini ya alumini. Ile ya zamani ikiyeyushwa peke yake haitoshi, maana mabawa mawili yamebaki chini ya bahari, na makopo na takataka alizonazo yeye si madini safi, yatapasuka siku ya kwanza.

Kisha akawa anatazama jikoni. Nami nikatazama alikotazama.

"Kaisugue," akaniambia.

Niliisugua sufuria ile kwa majivu na makumbi mpaka vidole vikaniwaka. Weusi wa chini ulikuwa wa miaka yote ya harusi za watu, haukutaka kutoka. Nilimwambia bibi itakwenda kuyeyushwa tu, ya nini kuisugua. Akafoka kwamba haendi nayo mahali ikiwa chafu, kwani fundi atatuonaje?

Na jirani akapita. Akasimama, uso ukafunguka, kwa sababu binti yake alikuwa aolewe baada ya mwezi wa kufunga, na sufuria alikuwa ameahidiwa zamani. "Mashallah! Yasuguliwa mapema hivi?"

Bibi angeweza kumdanganya. Hakumdanganya. Alimwambia pale pale, kwa maneno machache, sufuria inakwenda wapi. Jirani alimtazama, akaitazama sufuria, akanitazama mimi na majivu yangu. Aliondoka bila kuaga. Kwetu mtu haondoki bila kuaga hata akiwa amekasirika; huaga kwa hasira. Bibi hakula usiku ule, na mimi nikala chakula chake.

Rafadha nzima ya kupigia umbo hatukuwa nayo. Bibi alikuwa amewauliza wanaume wawili wenye mashine kama yetu, na wote wakacheka, wakauliza itakuwaje ikipotea. Lakini asubuhi ya pili, jua ndiyo linatoka, hodi ikapigwa mlango wa nyuma. Alikuwa jirani, amekumbatia kitu ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

"Rafadha ya bwana hino. Amerudi kutoka baharini alfajiri, amelala," akasema. "Huamka alasiri. Akiamka akaikosa, mie na wewe hatuna pa kukaa kijiji hichi. Irudi leo."

Bibi akaipokea kwa mikono miwili. "Na harusi ya mtoto wetu?"

"Harusi tutapika hata kwenye ndoo." Akageuka kwenda, kisha akarudi nyuma akafoka, "Sasa wasimama ya nini? Nenda!"

Tulikwenda kwa pikipiki. Mimi nilifungiwa sufuria mgongoni kwa kanga, nikakaa nyuma kabisa, na kijana wa pikipiki akaniangalia akauliza, "Bibi, abiria ni wawili au watatu?" Njia nzima upepo ulikuwa ukiingia kwenye sufuria ukivuma. Mfuniko aliushika bibi kifuani.

Fundi alikuwa mtu mpana, mpole, aliyezungumza na moto kuliko watu. Tulimwamkia, akaitikia, akaitazama sufuria ilivyong'aa, akamtazama bibi. "Mama, hii una hakika?"

"Nipe nyundo," bibi akasema.

Akampa nyundo na tindo. Bibi akasema bismillahi, akapiga pigo la kwanza mwenyewe, kwenye ukingo, pale ambapo mikono ya wapishi wote ilikuwa ikishika. Sauti yake ilikuwa ya kengele. Kisha akamrudishia fundi vyombo vyake, akatupa mgongo na kuanza kuifunga upya kanga yake ambayo haikuwa imefunguka. Niliona mabega yake. Niliona pia kwamba fundi ameona, na kwamba alikwenda kukata vile vipande mbali kidogo, nyuma ya kibanda, ili isisikike sana.

Mchanga wake ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu wa kushikana ukiufumbata. Aliilaza rafadha ya jirani kwenye kisanduku cha mbao, akakijaza mchanga, akaukandamiza, akachonga kwa kisu kufuata mkunjo wa kila bawa, akafunika kwa kisanduku cha pili. Alipovitenganisha na kuitoa rafadha, lilibaki tundu lenye umbo lake. Nilipewa kazi ya kuzungusha gurudumu la baiskeli lililokuwa likivuvia makaa, na nikalizungusha hata nikaona nyota. Vipande vya sufuria vikaingia kimoja kimoja pamoja na mabaki ya rafadha yetu. Vya kwanza vilipopata moto, nilisikia harufu ya pilau. Naapa niliisikia: binzari, karafuu, kitunguu kikiungua. Nimekuwa mtu mzima sasa najua kwamba madini hayana kumbukumbu na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi, lakini bibi naye aligeuka wakati ule ule.

Tulipokuwa tukingoja ipoe, fundi aliuchukua ule msumari kutoka kwenye kikapu, akaugeuza vidoleni. "Huu nani kautia?"

"Mimi," bibi akasema, na kidevu kikapanda kidogo, kwa mazoea.

"Ni mgumu."

"Haukatiki huo."

"Ndiyo shida yake, mama," fundi akasema kwa upole. "Pini imewekwa ikatike. Huu ulikataa, ndipo kikakatika kikubwa."

Bibi alishusha kidevu. Aliuchukua msumari, akautazama muda mrefu, akautupa kwenye takataka za fundi. Alimwomba waya wa shaba, akampa, na tangu siku ile alikuwa na pini laini kadhaa zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, mahali wanawake wengine wanapoweka senti.

Rafadha ilitoka kwenye mchanga mbaya. Sikudanganyi, ilikuwa mbaya, imevimba, na bawa moja nene kuliko wenzake. Fundi aliikwangua kwa tupa, akaitoboa katikati, akasema itakwenda, ila haitakwenda kimya. Madini yalikuwa yametosha, mfuniko haukuhitajika. Alimrudishia bibi mfuniko, na juu yake ameweka muhogo wa kuchoma, wa moto, umepasuka. "Hata kwetu huko Kinango, mama," akasema, "hatumrudishii mtu chombo chake hivi hivi." Bibi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwambani.

Rafadha ya jirani ilirudi kabla ya alasiri, ndani ya kanga ile ile, na juu yake vitumbua ambavyo bibi alinikimbiza kununua barabarani. Bwana wa watu hakujua lolote, isipokuwa, jirani alitusimulia baadaye, alishangaa mbona rafadha yake inanukia iliki.

Bamvua likafika. Wanawake wote walikuwa ufuoni, na wanaume nao, kila mmoja kwa kisingizio chake. Bibi aliifunga rafadha, akatia pini ya shaba, akapanda. Hakuna aliyemfuata. Walisimama maji yakiwafika magotini wakitazamana, na bibi alikuwa ameshika mkono wa mashine na hamwangalii mtu. Ningepanda mimi, nilikuwa nimekwisha kuinua mguu, lakini jirani alinisukuma kando kwa paja, akakunja gauni lake, akapanda, akakaa mbele kabisa.

"Ikizama," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nizame na sufuria ya harusi ya mwanangu."

Bibi akavuta kamba. Mashine ikaitika, na boti nzima ikaanza kutetemeka. Hayakuwa mabawa sawa, na kila mzunguko lile bawa nene lilipiga maji kwa nguvu kuliko wenzake: tu-tu-NGAA, tu-tu-NGAA. Meno yaligongana. Lakini ikaondoka. Ikavuka mkondo, ikarudi na mwani, ikavuka tena, na wale waliokuwa wakitazamana wakapanda wote. Mwani wa ng'ambo ulivunwa wote. Jioni vichanja havikutosha, ukaanikwa mpaka juu ya paa la jiko letu.

Miaka iliyofuata sauti ile ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ulikuwa ukiisikia kabla hujaiona boti, kutoka ng'ambo, tu-tu-NGAA, na kila nyumba ilijua kina mama wanarudi. Mimi nilikuwa nikibandika chai niisikiapo, na ilikuwa ikichemka bibi anapofika mlangoni. Ukizungumza ndani ya boti ile sauti yako ilitetemeka kama ya mbuzi. Watu walisema boti inakwenda kwa pilau. Harusi ya binti wa jirani ilipikwa kwenye sufuria ndogo ndogo za kuazima, moja ikatoka mbichi, moja ikaungua, na bibi alikula ile iliyoungua, sahani mbili, akaisifu.

Na jambo jingine lilibadilika, ingawa lilinichukua muda kuliona. Bibi alibaki mkali, lakini ugomvi ulipofika mahali pabaya, na jirani, na mama yangu, hata na mimi nilipokuwa msichana wa kubishana, alikuwa akinyamaza ghafla, akashika lile pindo la kanga yake, akasema, "Haya. Leo mie pini." Akaondoka zake jikoni. Ugomvi ulikatikia hapo. Nilidhani ni uzee unaomlegeza. Siku hizi, nikiwa na mume wangu na maneno yangu, najua lile neno linavyokuwa gumu kulitoa mdomoni.

Kibuyuni ya leo si ile. Kina mama wana boti nyingine na mashine mpya, zinakwenda laini, huwezi kuijua ya nani mpaka ifike. Sufuria za harusi zinakodishwa, zimeandikwa namba ubavuni kwa rangi nyekundu, na zinarudishwa zimeoshwa tu. Sisemi ni vibaya. Shughuli zinapikwa, watu wanakula. Lakini naikumbuka ile sauti mpaka kifua kinauma, na hakuna mahali duniani ninapoweza kwenda kuisikia.

Bibi alifariki mwaka jana, kwa utulivu, baada ya swala. Siku ya arobaini yake tulisoma khitma nyumbani, na watu walipokuwa wakitawanyika nilibaki jikoni nikikusanya vyombo. Hodi ikapigwa mlango wa nyuma. Jirani siku hizi hutembea na mkongojo, na macho yamefifia, lakini alikuwa amekumbatia kitu ndani ya kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pokea, yanielemea."

Nikapokea. Ilikuwa nzito. Nikafunua kanga nikaona vitumbua, vya moto bado, na chini ya vitumbua ile rafadha, imechakaa, imepauka kwa chumvi, bawa moja nene kuliko wenzake.

"Walipotia mashine mpya nikaichukua, nikaiweka chini ya kitanda," akasema. "Sufuria ya bibiyo hino. Tuliiazima kwake. Twairegesha."

Nililia, rafiki yangu. Sikulia siku ya mazishi, nililia pale jikoni, na yule mama mzee akanishika mkono, akaninyamazisha kwa kufoka kama alivyokuwa akifoka bibi mwenyewe.

Iko hapa Ukunda sasa, kwenye rafu juu ya cherehani. Wageni huniuliza ni kitu gani, na mara nyingi huwaambia ni sufuria, nikawaacha wanishangae. Mfuniko nilikuwa nao tangu zamani, bibi alinipa nilipoolewa, na miaka yote ulikuwa haufuniki kitu, mkubwa kuliko vyombo vyangu vyote. Leo nimeuteremsha ukutani, nikaufuta vumbi, nikaifunika rafadha nao. Kisha nikalichukua lile bakuli langu, nikatia ndimu mbili, nikaenda kubisha hodi kwa yule binti jirani.